Mtaa wa Viatu Mkononi

Jiji lile halikuwa na jina. Lilikuwa nalo zamani, tena si moja, lakini kila mtawala aliyekuja alifuta la mwenzake akaandika lake, mpaka ubao wa pale njia ya kuingilia ukatoboka kwa kufutwa, na wa mwisho akakosa pa kuandika. Watu wakazoea. Wakiwa ndani yake waliliita "hapa", wakiwa nje waliliita "kule", na maisha yakaendelea. Mtu akishazoea jambo huacha kuliona, na hiyo ndiyo dawa yake na ndiyo maradhi yake. Hata siku za jiji zilikwenda kwa mazoea tu. Kulikuwa na asubuhi zilizorudi mara ya pili kabla watu hawajanywa chai, na kulikuwa na mwaka mmoja wa njaa ambao kila ulipoisha uligeuka mlangoni kana kwamba umesahau kitu ndani. Hakuna aliyelalamika, maana wa kulalamikiwa ndiye aliyeshika kalenda.

Katika jiji hilo alikaa mwalimu wa jiografia aitwaye Msellem, na mama yake, Bi Mize, ambaye miguu ilikuwa imemsaliti na macho yalikuwa njiani kuifuata. Alikuwa hajatoka nje ya nyumba tangu Msellem alipoanza kuota mvi. Mwana huyu alikuwa amefundisha vizazi na vizazi vya watoto iko wapi mito, iko wapi milima, mji gani uko kusini mwa mji gani. Mtu wa namna hiyo hujiamini. Ukimwamsha usingizini ukamuuliza kaskazini ni wapi atakuonyesha kwa kidole kabla hajafumbua macho. Basi ndiye huyo huyo aliyeletewa picha moja kuukuu, kubwa kidogo tu kuliko kiganja, akaambiwa aseme imepigwa wapi, na akashindwa.

Habari yenyewe ilianza hivi. Mtoto akizaliwa na kitovu kikadondoka, hakitupwi. Hufukiwa mahali, na pale ndipo pake hata akija kufa ughaibuni. Hilo ni jambo la mabibi, la kunong'onezwa na mkunga mlangoni, na kwa miaka mingi halikumdhuru mtu. Kisha Baraza la Nchi Kavu, ambalo ndilo lililokuwa likitawala wakati huo, likalichukua jambo la mabibi likalitia kwenye sheria. Kila mtu aonyeshe kilipozikwa kitovu chake. Atakayeonyesha ni mtu wa nchi kavu, akae kwa amani. Atakayeshindwa ni mtu wa maji, na watu wa maji walipakiwa kwenye malori wakapelekwa ng'ambo ya majaruba ya chumvi. Huko kulikuwa na nini, hakuna aliyejua. Malori yalirudi, waliopakiwa hawakurudi, na hakuna salamu iliyopata kuja kutoka huko, hata ya uongo.

Bi Mize aliitwa. Akapewa muda mpaka mwezi uandame. Cha kuonyesha hakuwa nacho ila ile picha, aliyoihifadhi chini ya godoro ndani ya kitambaa: mtaa wa pwani, upande mmoja nyumba ndefu zenye roshani za mbao, upande wa pili ukuta mfupi wa kuzuia bahari, na mbele ya mlango mmoja mtoto wa kike amesimama, uso wake mweupe kwa jua. Picha ilikuwa imefifia. Sehemu ya chini, pale pa miguu ya watu, ilikuwa na mng'ao kama iliyomwagikiwa kitu ilipokuwa ikisafishwa.

"Huyu ni mimi," alisema Bi Mize, akiweka kidole alipokadiria. "Alikuja mtu na sanduku lake la miguu mitatu, akatwambia tusitikisike. Mlango huo nyuma yangu ndio wa kwetu. Kitovu changu kipo chini ya kizingiti."

"Mtaa gani, mama?"

"Wa pwani, baba. Bahari ilikuwa mlangoni."

"Ulikuwa ukiitwaje?"

"Uitwe na nani? Sisi tuliokaa pale tulisema kwetu. Halafu wakatuhamisha, na mimi nilikuwa mdogo, nimefunikwa kanga gizagiza ndani ya gari. Tangu hapo wameugeuza mji wote. Ukinitoa nje leo sijui pa kuanzia."

Msellem akacheka kidogo, kwa mapenzi. Aliona jambo ni dogo. Mtaa wa pwani hutafutwa pwani. Hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza angeijua.

Alfajiri akaenda. Akaanza mwisho wa ukuta wa bahari upande wa mashariki, picha mkononi, akilinganisha kila roshani na kila pembe ya nyumba. Hakuna iliyolingana. Kila alipogeuka aliona maghala mapya, ya saruji, yaliyofanana mpaka yakaudhi. Akamwendea kinyozi mmoja aliyekuwa akinoa wembe mlangoni mwake, mtu mnene wa makamo aitwaye Mzale. Na hapa yafaa ieleweke tabia ya watu wa jiji lile. Kumwambia mwenye kuuliza njia "sijui" kwao ni kama kumfungia mlango. Atakuelekeza hata asikokujua, ilimradi usiondoke mikono mitupu, na kupotea kwako ni shauri yako na Mungu wako.

"Ni hapa hapa," alisema Mzale, kabla hajaitazama picha vizuri. Kisha akaitazama vizuri, na uso ukambadilika. "Na huyu mtoto ni mama yangu."

"Ni mama yangu mimi, bwana."

"Mwalimu, mimi mama yangu simjui? Tazama hicho kipaji cha uso."

Mwanamke wa jirani aliyekuwa akifagia akaacha ufagio akaja kuona. Akasema yule mtoto ni dada yake aliyefariki kwa surua. Mumewe naye akaja, akasema nyumba ya pili kulia ndimo alimozaliwa, na ile kanga inayoning'inia roshanini ni ya shangazi yake. Watu wakazidi. Kila mmoja aliweka kidole penye kizingiti chake, na vidole vikarundikana juu ya picha mpaka isionekane. Hapo ndipo Msellem alipoelewa kwamba hakuna aliyekuwa akidanganya, na hakuna aliyekuwa akisema kweli. Walikuwa na hofu. Wote walikuwa wameitwa, au wataitwa, na hakuna aliyekuwa na cha kuonyesha.

"Niazime mpaka kesho," Mzale alimnong'oneza, akimshika mkono. "Nikaionyeshe tu, nikurejeshee. Kwa heshima ya mama yako, mwalimu."

Msellem alimhurumia kweli, na akauchomoa mkono wake.

Aliutembea ukuta wote wa bahari siku ile, na siku iliyofuata, ambayo ilikuwa ni ile ile. Aliwaona tena wale wale wakifagia pale pale, naye akawauliza tena, nao wakamwambia tena ni hapa hapa. Kichwani mwake maneno yakaanza kukatika.

Hapa. Hapa ni nini? Ni udongo? Udongo huchotwa. Ni nyumba? Nyumba huvunjwa. Ni jina? Jina tumeliona lilivyofutwa. Basi mahali hukaa wapi, mahali penyewe, ukishaondoa vyote vilivyopo? Mama anasema kwetu. Nikimuuliza kwetu ni wapi, ananionyesha karatasi. Karatasi inasema mimi ni mtaa. Mtaa unasema mimi ni watu. Watu wanasema sisi ni wa hapa. Na hapa. Hapa ni nini? Je, mtu ndiye anayepashika mahali pasipotee, au mahali ndipo panapomshika mtu? Na mmoja akimwachia mwenzake, ni yupi atakayeanguka?

Maswali kama hayo hayamshibishi mtu. Jua lilipokuwa la utosi miguu ilimpeleka yenyewe mjini kati, kwenye uwanja wa Baraza, akaketi kivulini kwenye ngazi za jengo. Uwanja ule ulikuwa mkavu, mpana, wa changarawe iliyoshindiliwa, na bahari ilikuwa mbali nao hata harufu yake haikufika. Upande mmoja yalisimama malori. Soko lilikuwa upande wa pili, kwa hiyo watu walikatiza humo mchana kutwa.

Akamwona bibi mmoja anakuja na kapu la mchicha kichwani. Alipofika ukingoni mwa uwanja, bila kusimama na bila kutazama chini, bibi alivua kandambili zake moja baada ya nyingine, akazishika mkononi, akainua kidogo upindo wa gauni, akakatiza changarawe ya moto kwa miguu mitupu. Alipofika ng'ambo akavaa viatu akaenda zake. Msellem hakuwaza kitu. Akaja bibi wa pili, akafanya vile vile. Akaja wa tatu, huyu na mjukuu mgongoni. Vijana walipita na viatu vyao. Vikongwe tu ndio waliovua, na wote walivulia mahali pamoja, wakavalia mahali pamoja.

Aliyefuata alikuwa Bi Mwatima, muuza tungule, aliyekuwa akipita nyumbani kwao kila Ijumaa. Msellem akamfuata.

"Shikamoo Bi Mwatima. Mbona umevua viatu?"

"Marahaba mwanangu. Nimevua wapi?" Bibi akatazama mkono wake, akaziona kandambili, akacheka mwenyewe. "Haya. Ndivyo tunavyopita hapa."

"Kwa nini?"

"Kwani mtu hupitaje? Mama yangu alipita hivi, akinishika mkono. Nenda kapumzike, Msellem, jua limekuingia."

Msellem akaitoa picha. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu apewe, aliacha kutazama majumba akawatazama watu. Mwanamume mwenye kanzu, ameshika viatu mkononi. Wanawake wawili wa buibui, viatu mkononi. Mchukuzi, kandambili ameziweka juu ya mzigo. Mtoto mlangoni amekumbatia makubadhi kifuani. Ule mng'ao wa chini haukuwa doa la kusafishia. Yalikuwa maji. Bamvua lilikuwa limejaa, bahari imeruka ukuta wake kama ilivyokuwa desturi yake pale, na watu wa mtaa, bila wasiwasi wowote, wamevua viatu wakapita.

Akasimama katikati ya uwanja. Bahari ilifukuzwa. Nyumba zilivunjwa, kifusi chake kikamwagwa majini, maji yakasogea, na ufukwe mpya ukaitwa ufukwe. Ramani aliyoitundika darasani miaka yote ilichorwa baada ya hapo. Mtaa wa pwani ulikuwa mjini kati, chini ya changarawe, na kumbukumbu yake ilikuwa imebaki kwenye nyayo za vikongwe wasiojua wanachokikumbuka. Alilia kwa furaha, mbele za watu, mtu mzima yule. Mama yake alikuwa na kwao. Hakungoja hata kufuta machozi; akapanda ngazi kumwona Karani wa Vitovu.

Karani aliitwa Bwana Shaame. Alikuwa mpole, mwenye sauti ya daktari wa meno anayekwambia hutasikia kitu. Alimketisha Msellem, akamwagizia maji ya kunywa, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha wakasimama pamoja dirishani, na kwa muda wakatazama. Bibi mmoja akaja, akavua, akapita, akavaa.

"Ajabu," alisema Bwana Shaame. "Nimekaa kwenye dirisha hili tangu ujana wangu, sijaona. Umetusaidia sana, mwalimu."

"Kwa hiyo mama yangu ameonyesha."

"Ameonyesha, tena vizuri. Sasa nisaidie na hili. Unasema pale palikuwa na maji?"

"Palikuwa na mtaa. Maji yalikuwa yakiingia bamvua likija."

"Maji yalikuwa yakiingia." Karani alitikisa kichwa taratibu kwa masikitiko. "Basi mtu aliyezaliwa penye maji tumwite mtu wa nini, mwalimu? Mimi si msomi wa jiografia."

Msellem akaiweka dirishani gilasi yake ya maji.

"Na hawa wote wanaovua," aliendelea Karani, akiwa bado anatazama chini uwanjani, "unadhani ni wengi? Tumehangaika nao mno. Mtu hukwambia kitovu changu kiko shamba, kiko milimani, nasi hatuna la kumshinda. Kumbe ilikuwa tutazame miguu tu."

"Bwana Shaame, sikuja kwa hilo."

"Najua hukuja kwa hilo. Ndiyo maana nataka kukufaa." Akamgusa bega. "Mlete mama kesho asubuhi. Akatize uwanja mbele yangu, basi. Akipita na viatu vyake, ni wa nchi kavu, na mimi nitakuwa shahidi. Akivua, mkono wangu haupo. Sheria haina chuki na mtu."

Msellem alirudi nyumbani akiwa na aibu ambayo hakuwa na pa kuiweka. Alimweleza mama yake yote, hakumficha hata moja. Bi Mize alikuwa ameketi kitandani, mikono juu ya mapaja.

"Kumbe ni pale," alisema. "Nilikuwa nikisikia malori nikidhani ni mbali."

"Mama, utapita na viatu. Nitavifunga kwa kitambaa visitoke. Ni hatua chache tu."

"Na wenzangu?"

"Nitawahi kuwaonya."

"Watakusikia?" Kisha akasema kwa upole, kama anavyofundishwa mtoto jambo lililokwisha kupita. "Yule mkunga aliyefukia alisema neno, nami niliambiwa na mama, na wewe sikukwambia kwa sababu ulikuwa umeshakuwa mtu wa vitabu. Alisema, ukipita hapa pita kama ulivyokuja. Ukipakanyaga na viatu umeikana siku uliyozaliwa, na zote zilizoifuata."

"Ni maneno ya wazee, mama. Wakikuchukua sikuoni tena."

"Unaogopa, baba?"

"Naogopa sana."

Akamvuta kichwa akakilaza mapajani, na mwalimu yule mwenye mvi akalia. Bi Mize akampapasa. "Basi nitavaa," alisema. "Wewe ndiye uliyebaki kwangu. Nitapita unavyotaka wewe."

Asubuhi Msellem alitangulia uwanjani kabla soko halijachangamka. Askari walikuwa wamekwisha kujipanga ukingoni, na kila mmoja alikuwa ameinamisha kichwa. Walikuwa wakitazama chini, kwenye miguu. Alimwona Bi Mwatima anakuja, akamkimbilia.

"Bi Mwatima, vaa viatu. Leo usivue, nakuomba."

"Nivae?" Bibi alishangaa kweli. "Nivilowanishe, mwanangu? Viatu vyenyewe ndivyo hivi."

"Hakuna maji, bibi. Tazama. Ni changarawe."

Bi Mwatima alitazama. Alitazama kwa makini, maana alikuwa mtu wa adabu na hakutaka kumvunjia mtoto wa watu heshima. Kisha akamtazama Msellem kwa huruma, akavua kandambili zake, akainua upindo, akapita. Askari wawili wakampokea kabla hajafika ng'ambo, mmoja akamshikia kapu, mwingine akamshika mkono, wakampandisha kwenye lori taratibu. Nyuma yake akaja mwingine, na mwingine. Msellem alikimbia kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, akawashika mabega, akawapigia magoti. Walimwitikia wote. Walimwita mwanangu, wakamwombea heri, wakavua. Lori la kwanza likajaa vikongwe walioshika viatu mkononi, na hakuna aliyekuwa amevivaa tena, kwa sababu hapakuwa na ng'ambo ya kuvivalia.

Bi Mize aliletwa kwa kiti, amebebwa na majirani. Msellem alimfunga makubadhi kwa vipande vya kanga, mafundo mawili mawili, akamsimamisha ukingoni. Bwana Shaame alikuwa ngazini. Wale wa kwenye lori wakamtazama mwenzao.

Mkono wa mama ulikwenda chini wenyewe, kwenye fundo. Msellem akaushika. "Mama," alisema. Basi. Bi Mize akaunyoosha mgongo, akaweka mguu wa kulia uwanjani, na kiatu kikalia juu ya changarawe. Akatembea, kwa ile ile miguu iliyokuwa imemsaliti. Alitembea kama mtu anayepita kati ya wageni waliolala, akichunga asimkanyage yeyote. Katikati alisimama, na Msellem akadhani amechoka, lakini alikuwa amegeuza uso upande mmoja, pale ambapo pangekuwa na mlango. Midomo yake ilitikisika. Kisha akaendelea mpaka akafika, viatu vyake miguuni, vikavu.

"Huyu ni wa nchi kavu," alisema Bwana Shaame, kwa sauti ya kutosha kila mtu asikie. "Hongera, mwalimu."

Malori yakawashwa. Msellem hakuyatazama. Alikuwa akikimbia kuzunguka uwanja, moyo umemjaa shukrani na haya kwa pamoja, mpaka akamfikia mama yake akamshika mikono yote miwili. Mikono ilikuwa ile ile. Uso ulikuwa ule ule, umetulia, umefutika kila kitu isipokuwa adabu.

Bi Mize alimtazama juu mpaka chini kwa wema, kama mtu aliyesaidiwa njiani na asiyemfahamu.

"Ahsante, bwana," alisema. "Na wewe ni mtoto wa nani?"

Msellem akapiga magoti mbele yake, akaanza kuyafungua mafundo aliyoyafunga mwenyewe.